Glasi ya Fidencio

Saa mbili asubuhi ya Alhamisi, tarehe kumi na tano Oktoba, Herlinda Arroyo aliingia ukumbi mkubwa wa jengo la wanafunzi akivuta mashine ya kufyonza vumbi, akamkuta mumewe juu ya meza ya wafu.

Meza zilikuwa sita, zimepangwa kando ya ukuta, kila moja na kikundi chake cha wanafunzi. Juu yake lilining'inia bango refu: TUNASHEREHEKEA URITHI WETU WA LATINX. Kulikuwa na karatasi za rangi zilizotobolewa kwa mashine, maua ya plastiki ya rangi ya chungwa, na mafuvu ya sukari yaliyoagizwa mtandaoni. Fidencio alikuwa kwenye meza ya nne, ndani ya fremu ya dhahabu ya bei rahisi, shati la miraba, kofia mkononi, macho kayakunja kwa jua. Picha hiyo Herlinda aliijua. Ile yenyewe ilikuwa ndogo kama kiganja, inakaa droo ya chini pamoja na vyeti vya ubatizo. Hapa ilikuwa imekuzwa ikawa kubwa kama sinia, na yeye mwenyewe alikuwa amekatwa. Lilibaki bega lake tu na kipande cha gauni la bluu.

"Chelo," aliita bila kugeuka. "Njoo huku."

Chelo alikuwa amefanya naye usafi miaka tisa, na ndiye mama wa ubatizo wa Yareli, binti wa Herlinda. Alitoka vyooni na glavu mikononi. "Nini tena? Kama wamemwaga rangi kwenye zulia jipya, mimi naacha kazi leo leo."

"Angalia meza ya nne."

Chelo aliangalia. Akavua glavu moja, akafanya ishara ya msalaba. "Bikira Mtakatifu. Si Fidencio huyu?"

"Ndiye."

"Mmepata habari, shoga? Mmepata habari hamkuniambia?"

"Habari gani? Hakuna habari. Fidencio hajafa."

Chelo akaivaa tena ile glavu. Maneno hayo alikuwa ameyasikia miaka minne, na zamani alishaamua kutoyajibu.

Kwao Michoacán, kule Meksiko, aliye hai hawekwi kwenye meza ile hata kwa bahati mbaya. Mwaka mmoja, Herlinda akiwa mdogo, dada yake aliweka picha ya harusi ya babu, na pembeni ya picha alikuwemo mjomba ambaye saa hiyo alikuwa jikoni anakula. Mama yao alichukua mkasi, akamkata mjomba palepale, akamtia kipande chake mkononi. Shika, wewe bado. Kumweka aliye hai ni kumwonyesha njia ya kuondokea. Kwa hiyo kila Novemba Herlinda aliwapangia mezani wazazi wake na mama mkwe, na Fidencio hakuwemo. Fidencio alikuwa na viatu vyake vya kazi mlangoni, na kila Jumapili Herlinda alivipaka mafuta ngozi isipasuke.

"Na leo ni tarehe ngapi?" aliuliza. "Wafu si wanakuja tarehe mbili Novemba?"

"Mwezi wa urithi unaisha leo, shoga. Bajeti inafungwa leo. Wafu nao wafuate bajeti." Chelo alicheka peke yake, akaacha. "Hata hilo jina lenyewe wanalotuita sisi Walatino. Latinx. Kama dawa ya minyoo. Meza ya Yareli hii?"

"Nani mwingine ana picha hii?"

Kadi ndogo ilikuwa imesimamishwa mbele ya fremu. Herlinda aliisoma polepole, maana Kiingereza cha kusoma kilimchukua muda. *Baba yangu, Fidencio Arroyo. Alikufa jangwani akirudi kwetu.* Kando ya kadi palikuwa na mkate, soda, mshumaa wa betri, na glasi ya maji. Glasi haikuwa na maji. Aliigeuza, ilikuwa kavu, na bei bado imebandikwa chini. Kwenye kila meza palikuwa na karatasi ileile ya kanuni: moto hauruhusiwi, vimiminika haviruhusiwi, zulia ni jipya.

"Wamemwekea glasi tupu," alisema.

"Hawa wamewawekea wote glasi tupu."

Kwao, mfu huja na kiu kabla ya njaa. Mtoto wa miaka mitano angewaambia hivyo.

Herlinda alitoa simu akamwandikia binti yake: *Umefanya nini?* Hakujibiwa. Yareli alikuwa darasani mpaka saa nne. Basi akaichukua fremu, akachukua na kadi, akavifunika kwa taulo safi ndani ya toroli lake, kati ya mafurushi ya karatasi za choo, kwa sababu mahali pengine palipokuwa safi hapakuwepo.

"Watakuona," Chelo alisema. "Kuna kamera."

"Wanione."

*

Alijua kwamba mumewe yuko hai kwa sababu moja tu, lakini ilikuwa sababu nzuri. Fidencio alikwenda Meksiko kumzika mama yake mwezi Mei, miaka minne iliyopita. Juni alipiga simu kutoka mpakani, akasema kesho anavuka. Agosti simu ya Herlinda ilikatwa kwa kutolipiwa, na alipopata simu nyingine kampuni ilimpa namba mpya. Kwa hiyo Fidencio hakuwa na namba yake. Wanaume wanakamatwa, wanafungwa, wanatoka, wanafanya kazi kwenye ranchi za watu wasiowaachia, wanapoteza vikaratasi. Namba ya mke wake ilikuwa kwenye kikaratasi, kikaratasi kimepotea, na namba yenyewe haipo tena. Ndiyo maana hapigi. Mtu akimwambia vingine alimwuliza: wewe umeuona mwili?

Hakuna aliyekuwa ameuona.

*

Saa nne kasorobo redio kiunoni ilimwita. Mista Dwight, msimamizi wa usafi, alimtaka ofisi ya Dokta Quintero, ghorofa ya pili. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani kazi hii apewe mwingine.

Dokta Marisela Quintero alikuwa mkurugenzi wa kituo cha utamaduni. Alizaliwa Chicago, shali lake lilikuwa la Oaxaca, Meksiko, na Kihispania chake kilikwenda kama mtu anayetembea pekupeku juu ya kokoto. Alimpa Herlinda kiti, halafu yeye mwenyewe akabaki amesimama.

"Bi. Herlinda, mwanafunzi mmoja amesikitika sana," alianza. "Anasema mfanyakazi wa usafi amechukua kitu mezani."

"Nimechukua mimi."

Dwight aliangalia viatu vyake. "Labda ulidhani ni takataka?"

"Sikudhani ni takataka."

"Pengine hukuelewa," Dokta Quintero alisema kwa upole, akachukua kipeperushi kutoka rundo lililokuwa mezani. "Hizi si mapambo. Katika utamaduni wa Meksiko, familia hutengeneza meza ya kuwakumbuka wapendwa wao. Kila kitu kina maana yake. Maua yanaonyesha njia. Maji ni kwa ajili ya…"

"Ya kiu," Herlinda alisema.

"Ndiyo! Kabisa. Kwa hiyo unaona, kuondoa picha ni kama kuvunja heshima."

Herlinda alimwacha amalize. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na mara ya kwanza kupanga meza ile alikuwa na minne, amebebwa mgongoni, anarusha maua chini. Alipoona mkurugenzi amemaliza ukurasa wote wa kwanza, alisema, "Huyo kwenye picha ni mume wangu. Na yuko hai."

Dwight akainua kichwa.

"Mkitaka ushahidi, bega la pembeni ni langu. Gauni ninalo bado. Mwiteni binti yangu awaambie. Yareli Arroyo."

"Yareli ni binti yako?" Dokta Quintero alikalia ukingo wa meza. "Yareli wetu? Hajawahi kusema kwamba mama yake…" Macho yake yakashuka kwenye sare ya kijivu, yakapanda tena haraka. "Kwamba uko hapa hapa chuoni."

Hilo nalo Herlinda alilipokea. Aliliweka kando, alishughulikie siku nyingine.

Yareli alikuja baada ya robo saa, amevaa blauzi ya maua waliyoishona pamoja mezani jikoni wiki mbili nzima, riboni kwenye nywele. Alipoona fremu magotini kwa mama yake, alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Waambie," Herlinda alisema kwa Kihispania. "Waambie baba yako hajafa, tuondoke. Nina vyoo vya ghorofa ya tatu."

"Mama."

"Mimi sikugombezi. Umetaka kushinda mashindano ya meza, umeandika maneno ya kuwaliza wazungu, sawa. Lakini si kwa baba yako. Waambie."

"Mama, tunaweza kuongea nje?"

"Hapa ni mahali salama," Dokta Quintero alisema. "Mnaweza kusema lolote hapa."

Dwight, ambaye hakujua neno la Kihispania zaidi ya asante, alikuwa amemtazama msichana usoni. Alinyanyuka. "Dokta," alisema, "twende tukanywe kahawa."

"Lakini ofisi yangu…"

"Twende," alisema Dwight, na akamshikia mlango mpaka akatoka.

*

Yareli hakukaa. Alitoa bahasha kwenye begi. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo ikawa laini kama kitambaa.

"Mwaka jana, siku watu wa ubalozi walipokuja mjini," alisema. "Wewe ulikuwa foleni ya pasipoti. Kulikuwa na meza ya watu waliopotelewa. Walinipitishia pamba mdomoni."

"Pamba ya nini?"

"Ya kulinganisha, mama. Na mifupa."

Herlinda aliweka mikono yote miwili juu ya kioo cha fremu.

"Nilidhani watasema haifanani," Yareli alisema. "Nilitaka waseme haifanani, nije nikuambie ulisema kweli. Barua ikaja Machi."

"Machi."

"Ndiyo."

"Sasa ni Oktoba."

"Najua."

"Umekula kwangu kila Jumapili tangu Machi."

"Nilikuja Jumapili ileile nikuambie. Nikakukuta umekaa kizingitini unapaka mafuta viatu vyake. Ukaniambia, mwanangu, nipe kitambaa kile laini. Nikakupa."

Nje kikundi cha ngoma kilianza mazoezi, kikaacha, kikaanza upya. Herlinda alisubiri kilie ndani yake chochote kile, na hakikulia kitu. Akili yake ilikwenda kwenye mambo ya kushikika.

"Nani kasema ni yeye? Mashine inakosea."

"Kuna orodha ya vitu alivyokutwa navyo. Nisome?"

"Soma."

"Mkanda wa ngozi, herufi F na A."

"Herufi F na A wako wengi."

"Jino moja la fedha, juu, kushoto."

Herlinda alisogeza kidole juu ya kioo mpaka kwenye mdomo wa Fidencio.

"Ndani ya kiuno cha suruali," Yareli alisoma, sauti ikianza kumpotea, "kipande cha kitambaa kimeshonewa kwa uzi mwekundu. Juu yake imeandikwa kwa kalamu namba ya simu. Tano sifuri tisa, nne sita…"

"Tisa," Herlinda alisema. "Moja, tatu, saba, nane. Ile ya zamani." Uzi mwekundu ulikuwa wake, kutoka kopo la sindano alilomfungia kwenye begi la safari. "Hakuipoteza."

"Hapana."

"Basi mbona hawakupiga?"

"Walipiga. Walimpata Novemba mwaka uleule. Wameandika hapa, walipiga mara tatu. Namba haipatikani. Wakamweka kwenye sanduku, wakampa namba yao."

Miaka minne. Herlinda alijua zile pesa za simu za mwezi Agosti zilikwenda wapi. Zililipia mtihani wa Yareli na fomu ya maombi ya chuo hiki hiki. Alikuwa amekaa jikoni na bili mbili mbele yake, akachagua, na akajisifu kwa kuchagua vizuri. Alimtazama binti yake, riboni, blauzi, macho mekundu, miezi saba mpaka kuhitimu, akaona kwamba hesabu hiyo mtoto bado hajaipiga. Akaamua asiipige kamwe.

"Simu zilikuwa zinakatika ovyo mwaka ule," alisema. "Kampuni mbaya."

Kisha hasira ikapata mlango wa kutokea.

"Na hawa? Ukawaambia hawa kwanza? Yule mama mwenye shali? Watu mia tatu wasiojua baba yako alivaa kiatu namba ngapi wajue kabla yangu mimi?"

"Nilitaka kumwekea mshumaa, mama! Nyumbani ningemweka wapi? Nyumba nzima anarudi kesho. Viatu anarudi kesho, kiti chake hakikaliwi, anarudi kesho. Hapa walinipa meza."

"Meza ya mashindano."

"Ndiyo, ya mashindano! Wa kwanza anapata dola mia nane. Kampuni ya mazishi kule Arizona wanataka mia saba kumchoma na kumtuma kwa posta. Ulidhani nataka za nini? Kununua riboni?"

Herlinda alipanguza kioo cha fremu kwa mkono wa sare, kwa mazoea, kutoka juu kwenda chini.

"Soda umemwekea ya nini?" alisema mwishowe. "Soda ilikuwa inamchoma tumbo."

Yareli akakaa sakafuni kama alivyokuwa, akaweka kichwa magotini kwa mama yake, kando ya fremu, akalia. Herlinda alimshika kisogo. Yeye mwenyewe hakulia. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika kumi, na zulia la ukumbini lilikuwa bado halijafyonzwa.

*

Dokta Quintero alirudi na kahawa tatu na wazo. Yareli alikuwa amemweleza machache mlangoni, kwa Kiingereza, na mkurugenzi alikuwa ameshika kifua kwa mkono wake mmoja.

"Bi. Herlinda, sina maneno," alisema. "Kweli sina. Nilikuwa nafikiria tu, na sema hapana kama hutaki, ingekuwa na nguvu sana kama mama angesimama na Yareli saa sita. Maneno mawili. Mkuu wa chuo atakuwepo, na wafadhili. Na hiyo sare, usiivue. Watu waone ni nani hasa wanaobeba chuo hiki."

"Hapana," Herlinda alisema.

"Naelewa. Au usimame tu, bila kusema?"

"Dokta, mimi nasimama kutwa."

Alishuka mwenyewe na fremu, akairudisha meza ya nne, katikati, akaisogeza kidogo kushoto mpaka ikakaa sawa. Kadi nayo akairudisha. Akatoa soda akampa Chelo.

Chelo aliiangalia soda, akamwangalia yeye, akaelewa. "Njoo hapa," alisema, akamkumbatia na glavu zake za mpira. "Njoo hapa, shoga yangu."

"Niachie. Nikianza sitamaliza ghorofa ya tatu."

*

Saa sita ukumbi ulijaa. Wanafunzi walikuja kwa ajili ya chakula, maana taco zilikuwa za bure, baridi, zimepangwa kwenye sinia na kampuni ya upishi iliyokataa kuruhusu mama yeyote kuleta sufuria yake. Wacheza ngoma walicheza. Mkuu wa chuo alisimama kwenye kipaza sauti akasema habari za asubuhi kwa Kihispania, akapigiwa makofi, kisha akaendelea kwa Kiingereza kuhusu uthubutu na ndoto na asilimia ishirini na saba ya wanafunzi wapya. Waamuzi watatu walipita mezani na karatasi, wakiandika.

Herlinda alisimama nyuma, karibu na mlango wa stoo, mkono juu ya toroli. Alimtazama Fidencio juu ya vichwa vya watu. Jua la picha lilikuwa la shambani, mavuno ya matufaha, saa saba mchana. Alikumbuka walikuwa wameishiwa maji ya kunywa siku hiyo na Fidencio alicheka akasema atakunywa Jumapili. Alihesabu, bila kutaka kuhesabu. Juni, jangwani. Siku ngapi? Mbili? Tatu?

Aliacha toroli. Alipita kando ya ukuta mpaka meza ya nne, mkuu wa chuo akiendelea kusema, akachukua glasi. Wanafunzi wawili walimpisha wakidhani anasafisha. Akaenda kwenye sinki la stoo, akabandua ile bei kwa ukucha, akaiosha glasi kwa sabuni, ndani na nje. Akafungua bomba, akaacha maji yatiririke mpaka yakawa baridi ya kuuma vidole. Akaijaza mpaka ukingoni kabisa, kama mtu anayemjazia aliyetoka mbali.

Kisha akarudi, safari hii katikati ya ukumbi, juu ya zulia jipya, polepole, macho kwenye maji. Watu waligeuka. Mkuu wa chuo alipoteza mstari wake, akautafuta kwenye karatasi. Dwight alikuja haraka kutoka upande wa pili, akamfikia mbele ya meza.

"Herlinda," alinong'ona. "Maji hapana. Unajua. Watu wa bima. Wataniuliza mimi."

"Alikufa kwa kiu," Herlinda alisema kwa Kiingereza chake, na hakunong'ona. "Miaka minne. Kwanza anywe. Halafu wewe andika onyo lako."

Aliweka glasi mbele ya Fidencio. Halikumwagika hata tone.

Dwight alibaki amesimama na mikono imening'inia. Hakuiondoa glasi. Kwa hilo Herlinda alikuja kumshukuru baadaye, hata baada ya kutia sahihi onyo lenyewe, ambalo lilisema: *vimiminika ndani ya ukumbi, kinyume cha maelekezo.*

*

Matokeo yalitangazwa saa nane. Mshindi alikuwa meza ya pili, ya mwimbaji aliyekufa zamani, yenye wigi na pambo linalozunguka kwa umeme. Meza ya nne haikutajwa kabisa. Dokta Quintero alimfuata Yareli pembeni, akamshika mikono yote miwili.

"Ulikuwa umeongoza," alisema. "Waamuzi wote watatu. Walilia. Lakini kanuni namba mbili, mpenzi wangu, vimiminika. Kikundi kingine kililalamika, na kama ningenyamaza… Si mimi. Unaelewa si mimi?" Akampa mfuko wa kitambaa wenye nembo ya chuo. Ndani yake mlikuwa na kalamu na chupa ya maji.

Yareli alikuja stoo na mfuko ule. Mama yake alikuwa anafunga waya wa mashine.

"Nimesikia," Herlinda alisema. "Ni mimi nimekukosesha."

"Hapana."

"Ni mimi. Usinidanganye tena mwaka huu, imetosha."

Yareli alifuta pua kwa mkono wa blauzi. "Ni wewe," alisema. "Na ungeacha kumwekea ningekuchukia."

Saa tisa ilibidi ukumbi uwe mtupu, kwa sababu saa kumi benki moja ilikuwa inakuja kutafuta vijana wa kuajiri. Chelo alitaka kuifanya meza ya nne yeye. Herlinda alikataa. Alizima mshumaa kwa kitufe chake chini. Mkate akaufunga kwenye leso. Maua ya plastiki aliyatupa kwenye mfuko mweusi bila kuyaangalia mara mbili. Fremu alimpa Yareli ashike. Ilibaki glasi.

Chelo aliinama, akaweka jicho sawa na ukingo. "Yamepungua," alisema. "Naapa, shoga. Njoo uone. Amekunywa."

Herlinda aliinama naye. Alikuwa amesafisha glasi za watu miaka tisa, na alijua kuangalia. Maji yalikuwa palepale, mpaka ukingoni, yametulia.

"Hayajapungua," alisema. "Hakuja. Wamemwita mapema mno, angekujaje?"

Yareli alimtazama.

Herlinda aliibeba glasi kwa mikono miwili mpaka nje, mahali palipokuwa na mti mmoja mwembamba uliopandwa na darasa la mwaka fulani, akamimina maji yote kwenye shina, taratibu, mpaka tone la mwisho. Akaifuta glasi kwa aproni, akaitia mfukoni mwa sare. Ilikuwa mali ya kikundi. Wangemwandikia onyo la pili wakitaka.

"Kesho nunua mahindi kilo ishirini," alimwambia Chelo. "Na maganda ya kufungia. Tutauza tamale kanisani Jumapili, na Jumapili inayofuata, mpaka ifike mia saba. Mwambie padri ni kwa msiba."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo. Chelo aliitikia kwa kichwa tu.

"Na wewe," alimgeukia binti yake, "tarehe mbili usipange kitu. Baba yako atakuja nyumbani. Ile soda usilete tena." Akaanza kutembea kuelekea maegesho, kisha akasimama, bado amewapa mgongo. "Viatu tutaviondoa mlangoni. Tutaviweka mezani, chini ya picha. Vimepakwa mafuta tayari."